Kamasi za Ndama wa Ngamia

Mwaka 2011, nilipokuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi ya udaktari wa mifugo, nilipelekwa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, na mnyama wa kwanza niliyemshika huko alikuwa ndama wa ngamia wa miezi kama sita. Macho yalikuwa yakimtoka machozi, pua zilichuruzika kamasi nyeupe nzito, na kila alipopiga chafya matone yalinirukia usoni. Nilimshika kichwa kwa mikono mitupu, nikampima joto, nikamtazama ulimi na ufizi, kisha nikajifuta uso kwa mkono wa shati na kuendelea na kazi. Mzee mwenye kundi alikuwa amesimama kando, fimbo mabegani, akinisubiri nimalize. "Daktari," akaniambia, "hayo ni mafua tu, siku kumi yatakuwa yamekwisha. Mimi nimekuita kwa ajili ya yule mwenye upele." Mzee alikuwa na haki. Upele humkondesha ngamia, humpunguzia maziwa na bei sokoni, na ndama yule mwenye kamasi alikuwa akinyonya na kutembea na wenzake kama kawaida. Nikamwacha, nikaenda kwa mwenye upele.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni 2012, mwanamume wa miaka 60 alilazwa hospitalini Jeddah, Saudi Arabia, akiwa na homa ya mapafu, na baadaye figo zikashindwa kufanya kazi, akafariki. Ali Mohamed Zaki, mtaalamu wa virusi kutoka Misri aliyekuwa akifanya kazi mjini humo, alichunguza makohozi yake na kukuta kirusi cha jamii ya korona ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kukieleza. Ugonjwa huo ndio uliokuja kuitwa MERS. Mwaka 2013 watafiti walipima damu ya ngamia 50 wa Oman, na wote 50 walikuwa na kingamwili, yaani alama ya kinga inayobaki katika damu baada ya maambukizi, dhidi ya kirusi hicho au ndugu yake wa karibu sana. Baada ya hapo wataalamu walirudi kwenye majokofu ya maabara kutazama damu ya zamani. Sampuli za ngamia wa Somalia na Sudan zilizohifadhiwa tangu 1983 zilikutwa na kingamwili hizo hizo, na kati ya ngamia 774 wa Kenya waliotolewa damu kati ya 1992 na 2013, karibu watatu katika kila kumi walikuwa nazo. Kwa hiyo kirusi kilichoitwa kipya kilikuwa kimekaa puani mwa ngamia wa pembe hii ya Afrika kwa miaka isiyopungua thelathini, na sisi tuliolipwa mshahara ili tuwatibu ngamia hao tulikuwa tukikiita mafua.

Ndama yule wa Isiolo hakuchukuliwa sampuli, kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kumchukua. Kutokuwapo kwa sababu ndiko kunakonisumbua hadi leo, na ndiko kunakonifanya niandike. Ugonjwa usiomdhuru mnyama hauna mwenyewe. Mfugaji hauhesabu, kwa sababu haumpunguzii kundi. Daktari wa mifugo hauandiki katika ripoti, kwa sababu hakuna mnyama aliyekufa. Na daktari wa binadamu hauoni mpaka siku utakapomfikia ukiwa tayari umo kifuani mwa mgonjwa. Nina hakika kwamba katika pengo hilo, kati ya ofisi moja na nyingine, ndimo zinamokaa hatari kubwa zaidi za majanga yajayo.

Tumezoea kuogopa virusi vya pangoni, na hofu hiyo ina msingi. Machi 2023 Tanzania ilitangaza mlipuko wa Marburg, ugonjwa wa kirusi cha popo wa mapangoni, mkoani Kagera, na katika watu tisa waliohesabiwa kuugua, sita walifariki, mhudumu wa afya akiwamo. Ni ugonjwa wa kikatili. Hata hivyo, kufikia mwanzoni mwa Juni mwaka huo mlipuko ulitangazwa kwisha, kwa sababu mgonjwa wa Marburg huonekana: anaumwa vikali, analala kitandani, na huambukiza zaidi kupitia damu na majimaji ya mwili wakati anapokuwa hoi, kwa hiyo waliomgusa wanaweza kutafutwa mmoja mmoja na kuwekwa chini ya uangalizi. Kirusi cha kuitikisa dunia nzima kina tabia tofauti. Husafiri kwa pumzi, huanza kuambukiza kabla mtu hajajua kuwa anaumwa, na huwaacha wengi wakiwa na nguvu ya kupanda basi, kwenda sokoni na kuswali au kusali pamoja na wenzao. Tabia hizo ni za mafua. Tukitaka kujua janga litatoka wapi, inatupasa tuyatazame mafua ya wanyama tunaoishi nao, yale yanayoonekana hayana maana.

Umbali kati ya pua na mapafu ya mtu ni mfupi, hauzidi urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi kiwikoni, lakini kwa kirusi ni safari ndefu. Ili kirusi kiingie katika seli, lazima kikute juu yake molekuli ya kushika, kitu kama kitasa kinachokubali ufunguo wake. Vitasa ambavyo kirusi cha MERS hukubaliana navyo vimejaa katika njia ya pua ya ngamia, ndiyo maana ngamia hupata mafua na kumwambukiza mwenzake kwa chafya. Kwa binadamu, vitasa hivyo hivyo viko kwa wingi chini kabisa mapafuni. Matokeo yake ni mawili, na yanakwenda pamoja: mtu aliyeambukizwa anaweza kuumwa vibaya sana, kwa kuwa vita inapiganwa mahali ambapo damu huchukua hewa, lakini hamwambukizi jirani yake kwa urahisi, kwa kuwa kirusi kiko mbali na mlango wa kutokea. Kati ya wagonjwa zaidi ya 2,600 waliothibitishwa tangu 2012 katika nchi 27, zaidi ya theluthi moja wamefariki. Idadi hiyo inatisha ikitazamwa kwa uwiano, na ni ndogo ikitazamwa kwa miaka iliyopita. Ukali wake na udhaifu wake wa kuenea vina chanzo kimoja, yaani mahali kirusi kinapokaa mwilini.

Kikwazo hicho, hata hivyo, kinaweza kuondolewa na mazingira bila kirusi kubadilika hata kidogo. Mei 2015 msafiri mmoja alirudi Korea Kusini kutoka nchi za Ghuba akiwa ameambukizwa, akazunguka katika hospitali na zahanati kadhaa kabla ya kutambuliwa, na katika wodi zilizojaa wagonjwa na ndugu zao kirusi kikapata njia. Wagonjwa 186 walithibitishwa katika mlolongo ulioanza na mtu huyo, na 38 kati yao walifariki. Hapakuwa na ngamia hata mmoja karibu. Ninapokumbuka wodi za wilayani nilizowahi kuingia, ambamo wagonjwa wawili hulala kitanda kimoja na mama mwenye mtoto hulala sakafuni kando yake, najua kwamba msafiri wa namna ile angeweza kuleta balaa hapa kwetu pia.

Wasomaji wengi wataniuliza, na nimeulizwa mara nyingi, kwa nini basi wagonjwa wengi wako Uarabuni ilhali ngamia wengi wako kwetu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4, na Somalia inao wengi zaidi, na kwa miaka mingi wamekuwa wakipakiwa melini Berbera na Djibouti kupelekwa ng'ambo ya bahari. Sehemu ya jibu iko kwenye kirusi chenyewe, kwa kuwa aina zinazozunguka Afrika ni tawi tofauti, na zikipimwa katika maabara huzaliana kwa shida zaidi katika seli za mapafu ya binadamu kuliko zile za Uarabuni. Sehemu nyingine ni kwamba ugonjwa wa mapafu wa mzee wa Marsabit mara chache hupimwa kwa kitu kingine zaidi ya kifua kikuu na malaria. Watafiti waliowafuatilia wachunga ngamia 262 nchini Kenya kuanzia Aprili 2018 hadi Machi 2020 waliwakuta watatu wakiwa na kirusi hicho, na wote watatu hawakuwa na dalili zozote. Watu watatu ni wachache, lakini wanatosha kuonyesha kwamba mlango uko wazi na kwamba kinachopita leo ni dhaifu. Isitoshe, biashara ya ngamia ni ya njia moja: wanatoka Afrika kwenda Uarabuni, hawarudi. Siku tawi la Uarabuni litakapoletwa Afrika na dume wa mbegu au ngamia wa mashindano, kundi kubwa kuliko yote duniani litakuwa limepewa kirusi kikali zaidi, na sidhani kwamba kuna kituo chochote cha mpakani kinachompima ngamia anayeingia kwa ajili hiyo.

Jambo lingine huwa linawashangaza wafugaji ninapowaeleza. Puani mwa ngamia hamna kirusi kimoja cha korona. Uchunguzi uliofanywa Saudi Arabia na kuchapishwa 2016 ulikuta aina tatu zikizunguka kwa pamoja katika ngamia hao hao, wakati mwingine zaidi ya aina moja katika mnyama mmoja: MERS, nyingine ya ukoo wa korona ya ng'ombe, na ya tatu ambayo ni ndugu wa karibu wa kirusi 229E, ambacho ni mojawapo ya vile vinavyotuletea mafua ya kawaida sisi binadamu. Ndugu hao wa 229E wamepatikana pia kwa ngamia wa Kenya. Virusi vya korona vikikutana katika seli moja huweza kubadilishana vipande vya maandishi yao ya kurithi, mmoja akatoka na sehemu ya mwingine. Mafua yetu ya kawaida, kwa hiyo, yanakaa nyumba moja na MERS. Sisemi hivi ili kumtia mtu hofu ya kumgusa ngamia. Nasema kwa sababu tukisema "mafua tu" tunadhani tumemaliza maelezo, na hapo ndipo maelezo yanapaswa kuanza.

Mafua yetu yenyewe, ukiyachunguza ukoo, yametoka zizini na mapangoni. Kuna virusi vinne vya korona vinavyozunguka kwa binadamu mwaka hadi mwaka bila kutangazwa redioni, na watafiti wa Kilifi wamevikuta vitatu kati yake, NL63, OC43 na 229E, kwa watu wa kawaida wa vijiji vya pwani. Ndugu wa NL63 na wa 229E wamepatikana kwa popo wa hapa hapa Kenya. OC43 inafanana mno na korona ya ng'ombe, ile inayowaharisha ndama na kuwakohoza, na mahesabu ya jeni yanaonyesha kwamba zilitengana karibu na mwaka 1890. Mwaka 1889 dunia ilipigwa na ugonjwa wa kifua ulioanzia kuonekana Urusi na kusambaa kwa reli na meli hadi kila bara, na kuna wataalamu wanaodhani kwamba ugonjwa huo haukuwa homa ya mafua kama ilivyodhaniwa bali ndio ujio wa OC43 kutoka kwa ng'ombe. Ni dhana, haijathibitishwa, na mimi naitaja kwa uzito wa dhana. Lakini lililo hakika linatosha: kirusi ambacho leo kinamfanya mtoto akose shule siku mbili kilikuwa cha ng'ombe si zamani sana, na mtu wa kwanza kukipata hakuwa na kinga yoyote dhidi yake.

Mfano mkubwa kuliko yote ni surua. Nyanya yangu, aliyetulea Kilifi, alikuwa akilitaja neno hilo kwa sauti ya chini, kwa sababu alizika watoto wawili kabla ya mama yangu kuzaliwa, wote wawili katika wiki moja ya surua. Nilipofika chuoni nikafundishwa kwamba kirusi cha surua ni ndugu wa damu wa kirusi cha sotoka ya ng'ombe, nilikaa na habari hiyo siku nyingi. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi wa pafu la mtoto aliyekufa kwa surua mjini Berlin mwaka 1912, pafu lililokuwa limehifadhiwa katika dawa kwa zaidi ya karne moja, na kwa kulilinganisha na virusi vya sasa wanasayansi walikadiria kwamba surua na sotoka huenda zilitengana mapema kama karne ya 6 kabla ya Kristo, wakati miji ilipoanza kuwa na watu wa kutosha. Ugonjwa kama surua, ambao humpata mtu mara moja na kumwachia kinga ya maisha, unahitaji watu laki kadhaa wanaoishi karibu karibu ili usizimike. Ng'ombe walikuwapo, wafugaji walikuwapo, na bila shaka kirusi kilivuka mara nyingi kikazimika. Kilichokosekana ni mji. Mji ulipopatikana, kikakaa. Mwaka 2023 pekee, surua ilikadiriwa kuwaua watu 107,500, wengi wao watoto, huku chanjo yake ikiwa imekuwapo tangu miaka ya 1960.

Na sotoka yenyewe tunayo historia nayo. Iliingia Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880, ikashuka kupitia nchi za Wamasai na majirani zao ikiua ng'ombe, nyati na wanyama pori wengine kwa kiwango ambacho wazee wa makabila ya wafugaji walikihesabia miaka yao, na kufikia 1897 ilikuwa imefika ncha ya kusini ya bara. Dawa yake ilipatikana hapa jirani. Katika maabara ya Muguga, nje kidogo ya Nairobi, Walter Plowright na wenzake walikikuza kirusi cha sotoka katika seli za figo za ndama, wakakihamisha kutoka chombo hadi chombo karibu mara 90, mpaka kikapoteza ukali wake na kubaki na uwezo wa kufundisha mwili kujikinga. Baadaye ikatengenezwa chanjo iliyovumilia joto, ambayo wahudumu wa mifugo wa vijijini waliibeba kwa miguu hadi Karamoja na Sudan Kusini bila friji. Mara ya mwisho kirusi hicho kuonekana popote duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Taifa ya Meru, mwendo wa saa chache kutoka pale nilipomshika ndama wangu mwenye kamasi. Mwaka 2011, mwaka ule ule nilioanza kazi, sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kuwa imetokomezwa.

Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu kila ninapoifikiria naona kilichoifanikisha. Sotoka ilikuwa na mwenyewe. Mfugaji wa Karamoja hakuhitaji kushawishiwa achanje, alikuwa ameshaona ng'ombe wake wakianguka. Alimtafuta mchanjaji mwenyewe na kumwonyesha kundi liliko. Chanjo ya MERS kwa ngamia imekwisha kujaribiwa maabara na ikapunguza kiasi cha kirusi kinachotoka puani mwao. Nimewahi kukaa chini ya mgunga na wazee tukijadili jambo hilo, na swali lao lilikuwa moja, la haki kabisa: ngamia wangu haumwi, kwa nini nimlipie sindano? Sikuwa na jibu ambalo lingeweza kusimama mbele ya bei ya mbuzi siku ile.

Homa ya mafua ni hadithi nyingine ya zizini, na hapa nitaipitia kwa haraka zaidi kwa kuwa wengi wameisikia. Kirusi chake hubeba urithi wake katika vipande vinane vilivyotengana, kama kitabu ambacho kurasa zake hazijashonwa, na virusi viwili vya aina tofauti vikiingia katika seli moja, vitoto vinavyotoka vinaweza kuwa na kurasa za wote wawili. Janga la 1957 lilitokana na kirusi cha binadamu kilichopokea kurasa tatu kutoka kwa ndege, na lile la 1968 kurasa mbili. Lile la 1918, lililoua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 50, lilikuwa la kirusi chenye asili ya ndege. Mwaka 2009 ikawa zamu ya nguruwe: kirusi kilichochanganya koo mbalimbali za mafua ya nguruwe kilitokea Meksiko, na katika mwaka wake wa kwanza kilikadiriwa kuua kati ya watu 151,700 na 575,400. Nguruwe waliokitoa hawakuwa wakifa. Walikuwa wakikohoa siku tano, wakipunguza kula, kisha wakipona, na kwa sababu hiyo hakuna aliyekuwa akifuatilia kwa makini kile kilichokuwa kikichanganyika puani mwao, hata katika nchi zenye fedha na maabara. Nasi tukawarudishia. Kufikia 2010 kirusi hicho kilikuwa kimekutwa kwa nguruwe wa Kameruni, kikiwa kimepelekwa huko na binadamu, na leo kinaendelea kuzunguka katika mabanda ya nguruwe ya mabara yote yanayowafuga.

Mafua makali ya ndege, yale ya H5N1, yalikuwa na mwenyewe tangu mwanzo kwa sababu yaliua kuku. Mwaka 1997 huko Hong Kong watu 18 waliambukizwa na sita wakafariki, na serikali ikachinja kuku wote wa mji ndani ya siku chache. Januari 2017 ndugu yake, H5N8, alipoua ndege wa majini kwenye ufuo wa Lutembe karibu na Entebbe, habari zilifika Nairobi haraka na kuku wa Uganda wakazuiwa mpakani. Kelele hizo zilisaidia. Kinachonitia wasiwasi sasa ni kwamba kirusi hicho kimeanza kukaa kimya. Machi 2024 kiligunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa wa Texas na Kansas, na baadaye kikaenea katika mamia ya makundi ya ng'ombe nchini Marekani. Ng'ombe wengi hawakufa. Maziwa yalipungua na kuwa mazito, mnyama akakosa hamu ya kula kwa siku kadhaa, kisha akapona, na paka wa zizini waliolamba maziwa hayo mabichi ndio waliokufa. Kiwele cha ng'ombe kina vitasa vya aina ile inayotumiwa na mafua ya ndege, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitafuta kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba mafua yanaweza kuingia kwenye chuchu. Wahudumu kadhaa wa mashamba hayo walipata macho mekundu na mafua mepesi. Wataalamu waliandika kwa utulivu kwamba ugonjwa ni mwepesi, na niliposoma hivyo nilimkumbuka mzee wangu wa Isiolo na siku zake kumi.

Wepesi huo ndio unaowapa virusi nafasi. Kila mnyama anayeambukizwa na kila mtu anayeambukizwa bila kuumwa sana ni jaribio jingine la ufunguo katika kitasa, na majaribio yasiyoumiza hayana wa kuyazuia. Kwa kirusi cha ndege, mabadiliko machache katika sehemu inayoshika seli yanaweza kukitoa kutoka kwenye vitasa vya chini mapafuni na kukipandisha hadi vile vya puani na kooni mwa binadamu.

Nimebadilisha namna ninavyofanya kazi. Sasa nikimkuta ndama mwenye kamasi navaa barakoa na glavu, jambo ambalo mwanzoni liliwachekesha vijana wa malishoni, na nachukua sampuli kwa kijiti cha pamba na kuiweka kwenye kisanduku cha barafu hata kama hakuna aliyeniomba. Nawaambia kina mama wanaouza maziwa ya ngamia kwamba kuyachemsha kunaua kirusi. Wengine hukubali, na wengine hunijibu kwamba mteja wa Eastleigh, Nairobi, akisikia ladha ya maziwa yaliyochemshwa hanunui tena, na siwezi kuwalaumu kwa kuilinda riziki yao. Naamini kwamba kama dunia inataka macho yangu na ya mzee yawe puani mwa ngamia, basi ni juu yake kumlipa mzee kwa kitu ambacho yeye mwenyewe anakihitaji. Ndiyo maana kila ninapokwenda kuchukua sampuli hubeba pia dawa ya upele, dawa ya minyoo na dawa ya malale ya ngamia, na huanza na hizo.

Nilirudi kwa mzee yule mwaka jana. Amezeeka, kundi lake limepungua kwa ukame, na mwanawe ndiye anayeshika kamba sasa. Tulipomaliza kuwatibu wenye upele, aliniita, akaninyooshea fimbo kuelekea kivuli cha mti ambako ndama watatu walikuwa wamesimama vichwa chini. "Daktari," akasema, "wale pale wana mafua yako."

Nikaenda kuchukua kisanduku.